Vumbi la Safari Rally juu ya meza ya fundi

Katika mji wa Zama, kusini-magharibi mwa Tokyo, kampuni ya Nissan ina bohari la magari yake ya kihistoria. Mojawapo ni Datsun 240Z nyekundu, boneti yake nyeusi, namba 11 ubavuni. Ndiyo iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, dereva akiwa Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller. Bodi ya gari hilo bado ina alama za kugongwa na kukwaruzwa.

Gari hilohilo linauzwa pia madukani likiwa vipande vya plastiki ndani ya boksi. Kampuni ya Hasegawa, yenye makao yake Yaizu katika mkoa wa Shizuoka, imelitoa kwa uwiano wa 1:24. Gari ambalo barabarani lilikuwa na urefu wa mita 4.1 hivi, mezani linabaki na sentimita 17. Lakini linatoka kwenye boksi likiwa jipya kabisa: halina mkwaruzo, halina tope, halijawahi kuiona barabara ya murram. Kiwanda humpa mnunuzi umbo la gari. Yaliyolipata gari njiani atayarudisha mwenyewe, na hapo ndipo kazi ya mikono inapogeuka kuwa kazi ya historia.

Trekta la wachuuzi

Kwa upande wa magari, ufundi huu ulianza kwa sababu za biashara. Huko Uingereza, modeli za plastiki za kuunganisha zilianza kuuzwa mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin, nazo zilikuwa ndege. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ilitengeneza trekta dogo la Ferguson ili mawakala wa mauzo wapate kitu cha kuwaonyesha wateja. Marekani nako, kampuni ya AMT iliwatengenezea wauzaji wa magari vigari vidogo vya maonyesho, kisha mwaka 1958 ikaanza kuwauzia wananchi vipande wajiunganishie wenyewe, pamoja na vipuri vya ziada vya kuligeuza gari la kawaida kuwa la mashindano.

Magari ya mashindano yenyewe hayakuchelewa. Miaka ya 1950 kampuni ya Merit ya Uingereza ilitoa magari ya Grand Prix ya wakati huo, yakiwemo Maserati 250F na Vanwall. Muongo uliofuata, Pocher ya Italia ikaja na modeli kubwa za 1:8, mojawapo ikiwa Fiat ya Grand Prix ya mwaka 1907. Hapo mjenzi hakuunganisha plastiki peke yake, bali pia chuma, na matairi ya mpira.

Mji wa mbao waingia kwenye plastiki

Sehemu kubwa ya modeli za plastiki za Japani hutoka Shizuoka, mji uliokuwa na mafundi seremala wengi. Tamiya ilianzishwa hapo mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao, ikachonga modeli za mbao, mpaka plastiki kutoka Marekani ilipoipokonya wateja. Jaribio lake la kwanza la plastiki, manowari Yamato ya mwaka 1960, halikuuzika vizuri. Kifaru cha Kijerumani cha Panther ndicho kilichoiokoa miaka michache baadaye.

Mwaka 1967 Tamiya ilitoa gari la Formula One la Honda, RA273, kwa uwiano wa 1:12. Injini yake ya silinda 12 ilionekana bomba kwa bomba. Wajenzi waliozoea kutazama bodi peke yake sasa walidai kuona kila kilichomo. Tangu hapo kampuni zikawa zinashindana kwa usahihi. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni hiyo, alinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili watu wake waandae modeli ya Porsche 934, iliyotoka mwaka 1976. Kuifungua kuliwezekana. Kuirudishia ndiko kulikowashinda, ikabidi mafundi wa Porsche waitwe.

Lakini hata kwa bidii hiyo, kampuni ilikuwa inapima gari. Haikuwa inapima mbio zake.

Safari yaingia Japani

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa mlangoni, hivyo gari lililoanza siku kwenye vumbi liliweza kuimaliza kwenye tope. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu.

Nissan ilikuja mwaka huohuo wa 1963 na kuambulia patupu. Ikarudi tena na tena, hadi mwaka 1966 magari yake ya Datsun Bluebird yakashinda daraja lao. Mwaka 1969 kisa cha timu hiyo kilitengenezewa sinema kubwa, mhusika mkuu akiwa nyota Yujiro Ishihara, na Wajapani wengi wakaziona kwa mara ya kwanza barabara za Afrika Mashariki. Kwa hiyo Herrmann na Schüller waliposhinda mwaka 1970 wakiwa na Bluebird 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakiwa na 240Z, ushindi wao ulipokelewa Japani kama ushindi wa taifa. Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaipa 240Z taji jingine mwaka 1973. Mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh akashinda na Mitsubishi Lancer. Toyota Celica Twin-Cam Turbo ikatwaa mataji matatu mfululizo kuanzia 1984. Ile ya mwaka 1985, iliyoendeshwa na Juha Kankkunen, nayo imetolewa kwa 1:24 na Beemax.

Huku kwetu watoto hawakusubiri boksi kutoka Shizuoka. Walikunja waya, wakakata magurudumu kutoka kwenye kandambili zilizochakaa, wakaandika namba za magari waliyoyaona yakipita. Lancer ya Joginder ilijengwa hivyo na watoto ambao hawakuwahi kuona picha yake gazetini, kwa sababu gari lenyewe walikuwa wameliona likiwapita kwa kasi, limejaa matope hadi kwenye kioo.

Kujenga kabla ya kuchafua

Mjenzi wa 240Z huanza na usafi. Vipande hutoka vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Huvikata kwa koleo dogo, akasugua kovu la kila kipande kwa msasa laini, kisha akaviosha kwa maji na sabuni, kwa maana mafuta ya vidole hukataa rangi. Praima hufuata. Wekundu wa Datsun hufifia juu ya praima ya kijivu iliyokoza, hivyo wengi hupiga kwanza rangi ya pinki au nyeupe. Rangi hupulizwa tabaka jembamba baada ya jembamba, kwani ikiwa nene huziba mistari ya milango, na gari lisilo na mistari ya milango hurudi kuwa kipande cha plastiki.

Boneti hupakwa nyeusi isiyong'aa. Kwenye gari halisi weusi huo ulikuwa na kazi yake: kuzuia mwanga wa jua usimpige dereva machoni. Mjenzi anayeing'arisha boneti ili ipendeze amefuta sababu ya rangi hiyo kuwapo. Halafu huja stika za kuloweka majini, namba 11 na majina ya wadhamini, zikilainishwa kwa dawa mpaka zikumbatie kila mkunjo wa bodi.

Hesabu ya vumbi

Kisha huja vumbi, na hapa ndipo wengi hukosea. Anayetaka ukweli hushawishika kuchukua udongo halisi. Lakini chembe ya mchanga yenye upana wa milimita moja, ikiwekwa kwenye gari la 1:24, huwa kama kokoto ya milimita 24. Gari huonekana limemwagiwa changarawe. Kwa hiyo hutumika unga laini wa rangi au chaki iliyosagwa, ukashikishwa juu ya vanishi isiyong'aa.

Baada ya hapo kila uamuzi ni swali la historia. Udongo mwekundu na udongo mweusi wa mfinyanzi havichafui gari kwa namna moja: wa kwanza hupeperuka na kulala juu ya kila kitu, wa pili hunata nyuma ya magurudumu na kukauka vipande vipande. Waipa zikifanya kazi, kioo huwa na nusu mduara safi. Na ni gari la saa ngapi? Linaloondoka jukwaani likimeremeta, au lililofika mwisho likiwa na taa iliyovunjika? Boksi halijibu. Picha ndizo zinazojibu, na picha zilizosambaa ni za mwanzo na za mwisho, ambako wapiga picha walikusanyika.

Mbio zenyewe zilikuwa katikati: usiku, vivukoni, kwenye vijiji ambako gari lilipita kwa sekunde chache. Picha za huko, kama zipo, zimo kwenye albamu za familia za Kenya, Uganda na Tanzania, baba au shangazi akiwa amesimama kando ya barabara siku ya Pasaka na gari likikatiza nyuma yake. Safari ilirejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na hamu ya magari ya zamani imerejea pamoja nayo. Japani imelihifadhi gari, na vipimo vyake imevigawa kwa yeyote mwenye pesa ya boksi. Rangi ya tope lake ni ushahidi tulio nao sisi. Mwenye albamu ya namna hiyo aandike nyuma ya kila picha mwaka na mahali ilipopigwa, kabla wanaokumbuka hawajaondoka.