Mahatma ni Nani, na Tumwiteje?

Kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, mjini Nyeri huwavuta maskauti kutoka kila pembe ya dunia. Mzee huyo alihamia huko mwaka 1938, akakaa Paxtu, nyumba yake katika uwanja wa hoteli ya Outspan, hadi alipofariki Januari 1941. Mfuasi wa Teosofia, mafundisho ya kutafuta hekima ya siri, hakuwa. Lakini mwaka 1921, akiwa ziarani India, chama chake cha maskauti kiliungana na kile ambacho Annie Besant alikuwa amewaanzishia vijana wa Kihindi mwaka 1917. Besant huyo alikuwa rais wa Jumuiya ya Teosofia, ambayo ndiyo iliyoitembeza duniani istilahi ya leo: mahatma.

Asili ya neno hilo ni Kisanskriti, maana yake nafsi kuu. Wakenya wengi wanalijua kwa sababu ya Gandhi. Kwa Helena Blavatsky, mmoja wa walioanzisha jumuiya hiyo New York mwaka 1875, mahatma walikuwa binadamu hai, wenye ujuzi wa siri, wakaao pande za Tibet na kuwaandikia wafuasi barua. Waliovuma ni Morya na Koot Hoomi.

Kwa Kiswahili tuwaiteje? “Bwana” haifai, katika makanisa ya Nyeri jina hilo lina mwenyewe. “Mwalimu” atadhaniwa ni wa chaki. “Walii” inakaribia, ila inamsilimisha mtu bila idhini yake. Mbaya kuliko zote ni “mzimu”: inamzika mtu ambaye wafuasi wake wanaapa kwamba yu hai. Heri mahatma libaki lilivyo: mahatma huyu, mahatma hawa.

Ubishi wenyewe haujapoa. Mwaka 1885 mchunguzi Richard Hodgson alidai katika ripoti yake kuwa barua zile ni kazi ya Blavatsky. Karne moja baadaye, 1986, mtafiti Vernon Harrison akaikosoa vikali ripoti hiyo. Mwaka 1994 mwandishi K. Paul Johnson akaja na lake: nyuma ya Morya alikuwepo Ranbir Singh, maharaja wa Kashmir. Hoja tamu, ingawa imejengwa zaidi kwa dalili kuliko ushahidi wa moja kwa moja.

Kenya nayo ina kisa chake. Juni 1988, kwenye ibada ya mhubiri Mary Akatsa huko Kawangware, Nairobi, alitokea mtu mwenye kanzu nyeupe, na picha zake zikasambaa. Waumini walisema ni Yesu. Benjamin Creme, mwandishi aliyekuwa London na aliyetangaza ujio wa Maitreya, akasema ni Maitreya, mkuu wa mahatma wote. Mhariri anayeichapa picha hiyo leo aandike “mtu aliyevaa kanzu nyeupe”, kisha aeleze nani alimwita nani.