Kizito cha wavu kinatoka kidogo: kosa si moto kupungua

Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Moba, wavu bila vizito hauna kazi. Kamba ya chini inaelea, maji yanaukunja wavu, samaki wanapita chini yake. Ndiyo maana risasi, madini ambayo wengine wanaita plombo, inatafutwa: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 11 na zaidi. Lakini anayeiyeyusha nyumbani juu ya mbabula anakutana na shida moja mara kwa mara. Kalibu ilichongwa kwa kizito cha gramu 50, kinachotoka kina gramu 40, kona zimelika na mwili una mikunjo kama ngozi ya mzee.

Jibu la haraka ni kuongeza makala. Ni jibu baya kuliko yote, juu haliponyi kizito na linaumiza nyumba nzima.

Risasi inayeyuka kwenye digri 327, na mbabula inafika huko bila taabu. Mara nyingi kinachokosa moto si chungu, ni kalibu. Kalibu ya chuma ikiwa baridi inagandisha madini kabla hayajafika kwenye kona, ni vile mikunjo inatokea. Kalibu iwekwe pembeni ya mbabula mpaka ipate moto sawasawa, kisha vizito viwili vitatu vya kwanza virudishwe chunguni, kazi yake ilikuwa kuipasha tu. Uso wa kizito ukitoka laini na unang'aa, joto limefaa. Ukitoka mweupe-mweupe bila kung'aa, kalibu imezidi moto, isubiriwe kidogo. Na iwe kavu kabisa! Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke palepale na kurusha madini usoni.

Halafu kuna kunywea. Risasi inapoganda, ujazo wake unashuka kwa asilimia 3 na kitu, na ndiyo inaleta lile shimo la juu. Fundi mwenye mazoea haishii kujaza mpaka ukingoni: anaacha dimbwi dogo la madini juu ya mdomo wa kalibu, ili kizito kinapoganda kinywe kutoka pale. Kikimaliza kuganda kinanywea tena kwa kupoa, gramu moja au mbili kwa kizito cha 50. Hiyo inarekebishwa kwa kuchonga kalibu kubwa kidogo. Kikipungua gramu kumi, hapo si kunywea tena.

Kama umbo limejaa vizuri lakini mizani inakataa, kuna hewa ndani, au taka, au madini mengine. Hewa inatoka kama kalibu ina mikwaruzo membamba ya kupumulia pale vipande viwili vinapokutana. Madini mengine mara nyingi ni zinki, inayoingia pamoja na vile vyuma vidogo vya kusawazisha pine za gari. Zinki ni nyepesi, gramu 7 hivi kwa sentimita ya ujazo. Risasi inakwaruzwa kwa ukucha na inaandika kwenye karatasi, zinki hapana. Zinki inayeyuka kwenye digri 419, kwa hiyo moto ukiwa wa kadiri vipande vyake vinaelea juu na kuondolewa kwa kijiko. Anayeongeza makala anaichanganya mle mle.

Na makala yakizidi, kuna mvuke. Chungu kikianza kuwa chekundu kimepita digri 500, na risasi inapanda hewani bila mtu kuiona. Kitambaa mdomoni hakiizuii. Vumbi la taka zilizokombwa juu ya chungu ni baya vilevile: linakaa kwenye nguo, kwenye udongo wa parseli, kwenye mikono ya mtoto anayecheza. Kazi hii ifanywe nje, mbali na nyumba, watoto na mama mwenye mimba wasiwepo, na chungu chake kisirudi kamwe jikoni.

Batri ya gari isipasuliwe nyumbani hata siku moja. Ndani yake kuna asidi, na unga ulio kwenye bamba zake ni risasi iliyo tayari kuingia mwilini. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali watu walikuwa wakivunja batri kuukuu na kupepeta udongo wenye risasi. Mvuvi asiye na risasi safi anaweza kutumia mawe au udongo uliochomwa. Vitakuwa vikubwa zaidi, basi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Dalili zinadanganya: tumbo kuuma, kutapika, kukosa choo, uchovu, mtoto kuwa mzito wa kujifunza, na hali ikizidi, degedege. Mzazi anafikiri ni minyoo ao malaria. Anayempeleka mtoto kwenye kituo cha afya aseme wazi kwamba nyumbani wanayeyusha risasi, hata kama hajaulizwa.