Daftari la kitongoji

Novemba 27, 2024 nilipanga foleni kijijini kwetu, kisiwani Mafia, kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Jina langu halikuwamo. Nilionyesha kadi ya mpiga kura, nikaambiwa kwa upole kwamba hiyo ni ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa serikali za mitaa una daftari lake, linaloandikwa kitongojini. Lilikuwa wazi kuanzia Oktoba 11 hadi 20, nami nilipita mbele ya kituo kila siku nikidhani ni la wasio na kadi.

Nyumbani nilimkuta Bibi ameshapiga kura.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona upesi hivyo?"

Nilipomweleza, hakucheka. Aliuliza tu, "Na kura za maoni za vyama, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na shahada, na sikuwa na jibu.

Kisiwa hiki kimehamishwa mara nyingi bila watu wake kuulizwa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulikiweka chini ya Ujerumani. Mwaka 1915 Waingereza wakakiteka. 1922 kikaunganishwa na Tanganyika. Kura ilipokuja, ilikuja na masharti. Januari 1958, mkutano wa TANU pale Tabora ulikubali kwa shida kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na sifa za kipato, elimu au wadhifa ziliwaacha wengi nje.

Mwaka 1965 chama kikawa kimoja, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Hata mawaziri waliangushwa. Bibi anaukumbuka ubalozi wa nyumba kumi wa miaka ile: balozi alijua nani mgonjwa, nani ana mgeni, nani hakuja mkutanoni. Ulikuwa msaada, na ulikuwa jicho.

Vyama vingi vilirudi 1992, na vijiji vikapiga kura ya kwanza ya vyama vingi 1994. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Sheria haimruhusu mgombea binafsi. Lazima adhaminiwe na chama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika mapema, katika tawi, mbele ya wanachama wachache waliojitokeza. Sisi wengine hufika siku ya mwisho kuchagua kati ya waliokwisha kuchaguliwa, kama wapo wawili.

Na kijiji si jambo dogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hapa kwetu, ambapo ufukwe una wanaoutaka kutoka mbali, kiti cha mwenyekiti kina uzito kuliko mabango ya wabunge.

Mkutano mkuu wa kijiji hauulizi kadi ya chama wala ya kura. Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, na hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Ulipoitishwa tena nilikwenda na Bibi, nikakaa mkekani, nikaomba tusomewe muhtasari wa kikao kilichopita.

Ulichukua muda kupatikana. Tulisubiri.