Kuhamisha programu kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya

Mtu anaponunua kompyuta mpya, hutarajia kuziona ndani yake programu zile zile alizozizoea. Mara nyingi hukuta kwamba barua, picha na hesabu zake zimefika salama, lakini programu iliyokuwa ikizifungua haipo, au ipo na inakataa kufanya kazi.

Jambo hilo limezidi kuwa na uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha utunzaji wa kawaida wa mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, ulitolewa Oktoba 2021 na haukubali kuwekwa kwenye kompyuta nyingi za zamani, kwa kuwa unadai chipu maalumu ya usalama na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa wengi, kubadili mfumo kumekuwa na maana ya kubadili mashine yenyewe.

Mtaa wa wafanyabiashara

Mtaa wa Fordsburg, ulio magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg, unaonyesha vyema jinsi jambo hili linavyogusa maisha ya watu. Kituo chake kikubwa cha biashara, Oriental Plaza, kilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya India waliohamishwa kwa nguvu kutoka mtaa jirani wa Pageview, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Leo kina maduka zaidi ya 300, yakiwemo mengi ya vitambaa, nguo na vyombo vya nyumbani. Fordsburg na jirani yake Mayfair imepokea pia wahamiaji kutoka Asia ya Kusini, Somalia na kwingineko barani Afrika, na kando ya mikahawa yake kuna maduka ya simu na kompyuta.

Katika duka la vitambaa, kompyuta moja nyuma ya kaunta huweza kubeba hesabu zote: mali iliyomo, wateja wanaodaiwa, wauzaji wa jumla wanaodai, na kodi ya ongezeko la thamani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5 baada ya kuwasilisha taarifa yake. Kumbukumbu zikibaki katika faili lisilofunguka, hazina tofauti na daftari lililofungiwa ndani ya kasha ambalo ufunguo wake umepotea.

Kwa nini kunakili hakutoshi

Barua au picha ni faili moja, na likinakiliwa limehama. Programu haiko hivyo. Inaposakinishwa, yaani inapowekwa rasmi ndani ya kompyuta, hutawanya sehemu zake mahali pengi. Sehemu moja hukaa katika folda yake, nyingine huingia katika mafaili yanayotumiwa na programu kadhaa kwa pamoja, na nyingine huandikwa katika sajili ya Windows, ambayo ni daftari kuu la mfumo huo. Anayenakili folda peke yake huwa amebeba shina na kuiacha mizizi.

Programu huhama kama mgomba. Mkulima habebi mgomba mzima uliokwisha kuzaa, bali hupanda chipukizi katika shamba jipya. Vivyo hivyo, programu husakinishwa upya katika kompyuta mpya, kisha kazi ya mwenyewe ikaletwa kutoka ile ya zamani.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu vya kushughulikiwa, kila kimoja kwa njia yake: programu yenyewe, leseni yake, na kumbukumbu zilizoandikwa kwa programu hiyo. Programu ikipotea huweza kupatikana tena kwa mtengenezaji. Kumbukumbu zikipotea, hakuna duka linaloziuza.

Suala la leseni

Tangu Windows XP ilipotolewa mwaka 2001, Microsoft imekuwa ikitaka mfumo huo uthibitishwe kwa kompyuta maalumu, na watengenezaji wengi wa programu hufanya vivyo hivyo. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani kwa kawaida hubaki na mashine hiyo. Ile iliyonunuliwa peke yake dukani huweza kuhamishwa, mradi itolewe kwanza kwenye kompyuta ya zamani.

Programu nyingine hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na leseni yake imefungamana na akaunti ya mteja. Hizo ni rahisi kuhama, ila idadi ya kompyuta ina mpaka. Adobe, kwa mfano, humruhusu mteja binafsi kuwasha programu zake katika kompyuta 2.

Aliyewekewa programu ya wizi, pengine bila kujua, ndiye hukwama zaidi. Hana namba ya leseni, hana risiti, na hana wa kumuuliza.

Hatua kwa mpangilio

Kazi huanza kompyuta ya zamani ikiwa bado nzima. Kwanza, huandikwa orodha ya programu zote zinazotumika, pamoja na matoleo yake, namba za leseni, na anwani za barua pepe na maneno ya siri ya akaunti zake.

Pili, hutengenezwa nakala ya akiba ya kumbukumbu kwa kutumia amri iliyomo ndani ya programu yenyewe, na kuhifadhiwa katika diski ya nje. Programu za hesabu kama Pastel, iliyobuniwa Afrika Kusini na kumilikiwa na kampuni ya Sage ya Uingereza tangu mwaka 2003, zina amri ya namna hiyo. Ni salama zaidi kuliko kutafuta mafaili kwa mkono.

Tatu, programu ya kusakinishia hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji. Nne, leseni inayohitaji kuachiliwa huachiliwa katika mashine ya zamani. Tano, toleo lile lile la programu husakinishwa katika mashine mpya, na nakala ya akiba kurejeshwa humo.

Hatua ya sita ndiyo inayosahauliwa sana. Jumla ya madeni, mali na salio la benki hulinganishwa katika kompyuta zote mbili. Zikilingana, ndipo toleo jipya huweza kuwekwa. Printa ya risiti nayo hujaribiwa kabla mteja hajafika.

Njia za mkato

Windows XP na Windows Vista zilikuwa na zana za kuhamishia mafaili na mipangilio, lakini hazikuhamisha programu. Zipo programu za kulipia, kama PCmover ya kampuni ya Laplink, zinazojaribu kuhamisha programu pamoja na maandishi yake katika sajili. Husaidia, ila programu yenye leseni kali huweza kudai kuthibitishwa upya. Kwa kompyuta za Apple kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa sehemu nyingi za programu hukaa katika furushi moja na mfumo una zana yake ya kuhamishia.

Tatizo jingine ni umri. Programu za biti 16, zilizoenea miaka ya mwanzo ya 1990, haziwezi kufanya kazi katika Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo jingine. Katika hali hiyo, mfumo wa zamani huweza kuendeshwa ndani ya ule mpya kwa programu kama VirtualBox, usiunganishwe na intaneti.

Mashine ya zamani ikifa ghafla, diski yake huweza kutolewa na kuunganishwa na nyingine ili kumbukumbu zisomwe. Lakini diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki bila namba yake ya kuifungulia, ambayo yafaa iandikwe mapema na kutunzwa mahali pengine.

Kabla ya kuuza ile ya zamani

Ni busara kuiweka kompyuta ya zamani hadi hesabu za angalau mwezi mmoja zimefungwa katika ile mpya. Baada ya hapo, diski yake hufutwa kikamilifu, si kwa kutupa mafaili katika pipa la taka la kompyuta tu. Majina na namba za simu za wateja vinalindwa na sheria ya Afrika Kusini ya taarifa binafsi, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai 2021, na wajibu huo haumwondokei mwenye duka kwa sababu tu mashine imeuzwa.