Kabla hujatoboa kichwa cha gitaa la zamani

Mtu anapohama, gitaa si kitu cha kwanza kubebwa. Halipikiwi, halilaliwi. Lakini yupo anayelitia mgongoni na kutembea nalo, kwa sababu ndilo kazi yake, au kwa sababu lilikuwa la marehemu baba. Likiwa la umeme na la miaka ya 1950 au 1960, huenda amebeba mali kuliko anavyojua. Mali hiyo ikinusurika njiani, bado inaweza kuharibiwa na fundi mwenye haraka. Ndiyo sababu leo, wasikilizaji wetu, tunazungumzia zile funguo sita za kichwani ambazo zinakaza na kulegeza nyuzi.

Gitaa la umeme halikuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alikuja Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kufanya kazi kwenye studio ya CEFA, na ndiye anayetajwa kuwa alileta gitaa la kwanza la umeme Kongo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, OK Jazz ya kina Franco ikazaliwa. Miaka hiyohiyo, kule Marekani, viwanda viwili vilivyokuwa vinashindana, Gibson na Fender, vilikuwa vinanunua funguo kwa mtu mmoja: kampuni ya Kluson ya Chicago. Gibson ilitoa Les Paul mwaka 1952, Fender ikatoa Stratocaster mwaka 1954, na nyuma ya vichwa vya yote mawili utakuta kazi ya Kluson.

Ufunguo wa Kluson ni kitu chepesi. Kuna skrubu ndogo inayosukuma gurudumu la meno, na gurudumu linazungusha mhimili uliofungwa uzi. Juu yake kuna kifuniko cha bati, na kwenye kifuniko kitundu kidogo sana. Wengi hudhani kitundu hicho ni kasoro, kumbe ni cha kutilia mafuta. Kwenye Fender mhimili umepasuliwa katikati, ncha ya uzi inaingia ndani, hivyo haikuchomi vidole. Tena funguo sita za Fender zilipangwa zikigusana, kila mbili jirani zikishika skrubu moja. Ndiyo maana utahesabu skrubu 7, si 12. Kwa macho yangu hiyo ni akili nzuri ya kubana gharama.

Udhaifu wake ni kwamba bati halizuii vumbi wala unyevu, na meno yanalika. Kwenye Gibson, vishikio vya plastiki vinasinyaa kwa miaka, vinapasuka, mwisho vinabomoka kama biskuti. Katika miaka ya 1960 wapiga gitaa wakaanza kutafuta kitu kigumu zaidi. Wakakipata kwa Grover, aina ya Rotomatic: mashine iliyofungwa kabisa, yenye grisi ndani. Ujerumani nako Schaller ikatengeneza za namna hiyo. Fender, iliyouzwa kwa CBS mwaka 1965, ikaachana na Kluson miaka michache baadaye na kuweka funguo zenye herufi F.

Hapo ndipo keekee ilipoingia. Tundu la Kluson lina upana usiofika milimita 9, na Grover inataka milimita 10. Basi kila aliyetaka Grover alitoboa kichwa, na matundu ya skrubu mapya yakaongezwa kando ya yale ya zamani. Wakati ule haikuonekana dhambi, maana gitaa lilikuwa chombo cha kazi tu, lenye umri wa miaka mitano au sita. Leo gitaa hilohilo, likiwa limetobolewa, hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na mbao iliyokwisha kutolewa hairudi.

Kwa hiyo fundi akikwambia funguo zako zimekufa, muulize kwanza amejuaje. Mara nyingi gitaa halishiki sauti kwa sababu ya kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo, ambapo nyuzi zinapita. Mfereji ukiwa mwembamba, uzi unanasa, halafu unaachia ghafla. Ukisikia mlio mdogo wa "tik" unapokaza, shida iko hapo. Sugua mfereji kwa unga wa penseli, kisha jaribu tena. Uzi uliozungushwa ovyo kwenye mhimili nao utateleza hata kwenye ufunguo mpya. Na kama ni vishikio tu vilivyobomoka, vinauzwa peke yake. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kile kitundu limeshaokoa funguo nyingi.

Ikiwa meno yameisha kweli, tafuta zinazoingia kwenye tundu lilelile. Jina la Kluson lilirudi sokoni miaka ya 1990 baada ya kiwanda cha zamani kufa, na Gotoh ya Japani inatengeneza umbo hilohilo kwa meno yanayobana vizuri zaidi. Pima upana wa tundu, pima nafasi kati ya skrubu, hesabu kama ni sita upande mmoja au tatu kwa tatu. Namba kama 15 kwa 1 maana yake unazungusha kishikio mara 15 ili mhimili uzunguke mara moja. Namba kubwa inakupa utulivu wa kulinganisha sauti, lakini kubadilisha nyuzi kunachukua muda zaidi. Angalia pia uzito, kwa kuwa funguo nzito zinavuta shingo chini na bega litakuambia ukipiga usiku mzima.

Na gitaa ambalo lilitobolewa zamani? Liache na Grover zake kama zinafanya kazi. Ukitaka kurudi kwenye Kluson, kuna pete za chuma zenye upana wa milimita 10 nje na tundu dogo ndani, zinazojaza nafasi bila kuongeza kidonda. Funguo utakazotoa, hata zilizovunjika, zifunge kwenye mfuko zikae pamoja na gitaa. Mnunuzi anayejua ataziulizia kabla ya kutaja bei.