Simiti "Iliyochanganywa"

Ingia duka la simiti Litein ama Bomet mjini, uulize ile ya 32.5. Hutakosa fundi wa kukwambia "hiyo imechanganywa", kwa sauti ile ya mtu anayeshuku maziwa yametiwa maji. Na ni kweli, nyingi zina pozolana, yaani mawe na majivu ya volkano yaliyosagwa. Lakini tangu lini kuchanganya kukawa wizi?

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mfalme Herode alijenga bandari ya Kaisaria kwa ufundi wa Kirumi, kwa chokaa na majivu ya volkano yaliyotoka ghuba ya Naples, yakashikana ndani ya maji ya chumvi. Pwani yetu, waliojenga Gedi, na Husuni Kubwa kule Kilwa, walichoma matumbawe wakapata chokaa. Portland? Joseph Aspdin aliisajili Uingereza mwaka 1824 tu. Hiyo "safi" ndiyo mgeni, bana.

Halafu mwaka 1862, Mjerumani Emil Langen akagundua kwamba mavi ya chuma kutoka kwa tanuri, yakipozwa ghafla kwa maji, hushikana yakitiwa chokaa. Taka ya kiwanda ikageuka bidhaa.

Siri yake si ngumu (niliacha chuo, lakini hii niliishika). Portland ikikutana na maji hubakisha chokaa iliyo huru. Silika ya jivu huikamata na kutengeneza gundi zaidi, vitundu vya zege vinazibana, na chumvi inachelewa kufikia chuma. Chuma kikipata kutu hufura na kupasua zege. Mtu wa milimani asiseme hayamhusu: chai yetu inauzwa kwenye mnada wa Mombasa na kupakiwa melini pale pale, kwenye upepo wa chumvi.

Sasa, viwanda vya chai vya Kericho na Bomet huchoma kuni za mikaratusi kukausha majani, na jivu linabaki. Sitalipigia debe. Jivu la kuni lina kalisi na potasi nyingi, silika kidogo; lirudi shambani. Afadhali uteremke hadi Muhoroni na Chemelil, kwenye viwanda vya sukari vya miaka ya 1960. Jivu la makapi ya miwa lina silika, mradi yachomwe vizuri, maana mkaa ukibaki ndani hunywa maji ya zege.

Fundi ana hoja moja, hata hivyo. Simiti yenye pozolana hupata nguvu polepole, na baridi ya Kericho huichelewesha zaidi. Inataka kumwagiwa maji siku nyingi, na mbao zisitolewe mapema. Kama injinia ameandika 42.5 kwa slabu, nunua 42.5. Ila mbao zimekodiwa kwa siku, mwenye nyumba anahesabu pesa, zinang'olewa kabla ya wakati. Slabu ikipata nyufa, lawama yote inaenda kwa mfuko.