Pumzi Inayokatika Usiku: Fidia ya Mwanajeshi Mstaafu na Ugonjwa Uzaliwao na Jeraha

Anayekatika pumzi usingizini huwa wa mwisho kujua. Anayejua ni mkewe: ndiye husikia mkoromo ukikoma ghafla, sekunde kumi au zaidi za kimya, kisha mtu akagutuka akiitafuta hewa kama aliyeibuka majini. Mchana husinzia, kichwa humuuma, shinikizo la damu hupanda. Katika vijiji vinavyolizunguka soko la Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, mzee wa namna hiyo husemwa tu kwamba amelala fofofo. Kama aliwahi kuwa askari, ni nadra mtu kuuhusisha mkoromo wake na jeshi. Nadai kwamba fidia yapasa kuuhusisha, ila kwa masharti.

Marekani imekwisha kufanya hivyo. Kanuni yake ya 3.310, ya fidia ya wanajeshi wastaafu, hutambua ulemavu uliosababishwa au kuzidishwa na ulemavu mwingine unaotokana na utumishi. Kwa mfano, askari huumia goti, mazoezi yanamshinda, ananenepa, na mafuta ya shingoni yanaibana njia ya hewa. Mwaka 2017 ofisi ya sheria ya idara ya wanajeshi wastaafu ilikubali kwamba unene, ingawa haulipiwi wenyewe, unaweza kuwa kiungo cha katikati katika mnyororo huo. Daktari hadaiwi uhakika. Yatosha uwezekano wa ndiyo usipungue ule wa hapana. Kwa upande wa kiwewe cha vita hoja ni dhaifu zaidi: tafiti hukuta kiwewe na kukatika pumzi pamoja mara nyingi, lakini kipi humzaa mwenzake bado ni ubishi. Nisichokikubali ni kigezo cha kumpa kiwango cha ulemavu cha asilimia 50 kila anayehitaji mashine ya kusukumia hewa. Hicho hupima kifaa, si adha ya mtu.

Kenya ina mazingira tofauti. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 iliwaacha nje wanajeshi, na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ilikuja mwaka 2022. Kizazi kilichoingia Somalia Oktoba 2011, na kilichonusurika shambulio la El Adde Januari 2016, ndicho kinachorudi nyumbani sasa. Jeraha la risasi lina tarehe na mashahidi. Ugonjwa huu hauna. Kumtaka mstaafu wa Lubao alete kipimo cha usiku mzima cha maabara ya usingizi ni kumnyima kwa adabu. Ushahidi wa mke uandikwe na upewe uzito, pamoja na rekodi ya daktari wa karibu: mzunguko wa shingo, uzito, presha, na kifaa kidogo cha kupimia nyumbani pale kinapopatikana.

Atauliza mtu: mbona wengi hukoroma bila kuvaa kombati? Ni kweli, na swali hilo lisidharauliwe. Mahakama ya Marekani, katika kesi ya Allen dhidi ya Brown ya 1995, ilitoa njia: pale jeraha lilipouzidisha tu ugonjwa, hulipwa lile ongezeko. Lakini ongezeko hujulikana kwa kulinganisha. Kwa hiyo kazi inaanzia kambini: askari apimwe shingo na uzito na kuulizwa habari za usingizi anapoandikishwa, kisha tena anapoagwa, na nakala ya faili akabidhiwe mkononi kabla hajapanda basi la Kakamega.